Nani Alisema Kienyeji Anachelewa?

Kuna swali dogo ambalo ukiuliza Kenyatta Market unaweza kusimama hapo nusu saa: "Huyu kuku ni kienyeji?" Muuzaji atasema ndiyo, tena kwa kiapo. Jirani yake atacheka. Mteja wa tatu, ambaye hata hakuulizwa, atakwambia kienyeji wa ukweli aliisha Nairobi kitambo. Wakati huo wote moshi wa nyama choma unakuingia machoni na wasusi wanakuita "kuja nikusuke" hata kama umenyoa kipara.

Hilo swali linabeba pesa. Neno "kienyeji" likiwekwa mbele ya kuku, bei inapanda, na kila mtu anakubali kulipa kwa sababu tumeambiwa huyu alichukua muda kukua. Sasa mimi nauliza: alichelewa kulinganishwa na nani? Maana ukifuata historia ya kuku vizuri, utagundua kienyeji hajawahi kupunguza mwendo. Ni wengine walioongezwa kasi, na tunajua ni nani aliwaongeza, wapi, na mwaka gani.

Mimi si mtu wa kilimo. Niliacha chuo mwaka wa pili, na nilichokuwa nikisomea hakikuwa na manyoya. Lakini binamu yangu anakaa Kawangware, ana banda moja la mabati nyuma ya nyumba ya mamake, na mamake amechukua mkopo wa chama ili kijana aanze kitu. Pesa inatosha vifaranga 100 na chakula cha kuanzia. Mpango wake: 50 wa broila, 50 wa kienyeji, banda moja, taa moja ya kuwapa joto, chakula kimoja. Broila wauzwe baada ya wiki sita, pesa yao iwalishe kienyeji mpaka Krismasi. Kwa karatasi iko sawa kabisa. Akaniuliza, "Wewe husoma soma vitu. Hawa watakaa pamoja?"

Jibu lake linaanzia mbali kuliko Kawangware.

Kuku hakuwa wa kwetu. Babu yake ni ndege wa msituni wa Kusini-Mashariki mwa Asia. Utafiti uliotoka 2022 unasema mifupa ya zamani zaidi ya kuku wa kufugwa inayoaminika ilichimbwa Ban Non Wat, Thailand, na ni ya kati ya 1650 na 1250 KK. Kilichomtoa msituni ni nafaka. Watu walipolima mpunga na mtama, ndege akafuata punje zilizomwagika. Yaani kuku alianza kama yule rafiki anayekutembelea saa ya chakula tu, halafu siku moja ukashtukia amehamia.

Afrika alifika baadaye. Huko Mezber, kaskazini mwa Ethiopia, wachimbaji walipata mifupa ya kuku ya zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Na watafiti walipochunguza chembe za urithi za kuku wa vijijini Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan, waliona mababu wao hawakuja kwa njia moja wala kwa safari moja. Wengine wana undugu na kuku wa India, wengine na kuku wa mbali zaidi, Mashariki ya Asia. Kwa hivyo hata kienyeji ni mhamiaji. Alichotuzidi ni kwamba alikaa muda mrefu mpaka akawa na haki ya kuitwa mwenyeji.

Na alipokaa, alibadilika kulingana na mahali. Pwani kuna kuchi, mrefu wa miguu, mgomvi, anatembea kama anadai kodi. Kuna wa shingo wazi, ambaye joto halimsumbui sana. Kuna wa manyoya yaliyojikunja, na kuna kibete. Hakuna kampuni iliyowatengeneza hawa. Waliokufa kwa mwewe, kwa ugonjwa na kwa njaa hawakuacha vifaranga. Waliobaki ndio hao.

Saa ya kuku huyu ni ya polepole kwa sababu maalum. Anajitafutia chakula, kwa hivyo hawezi kuota mwili ambao siku ya njaa atashindwa kuulisha. Mama anataga, anaatamia siku 21, halafu anatembea na watoto wiki nyingi akiwafundisha kula na kujificha. Jogoo anafika sufuria baada ya miezi mitano, sita. Katikati ya hapo ana kazi nyingine. Anaamsha watu. Anauzwa daftari za shule zikihitajika. Mgeni akija anachinjwa, na ukienda kwa Waluhya utajua ingokho si mboga ya kawaida, ni heshima. Shosho hakumlisha kwa ratiba. Alimweka kama akiba yenye miguu.

Usidhani lakini maisha hayo yalikuwa matamu. Mwaka 1935 ugonjwa wa Newcastle uliripotiwa Mombasa. Umepewa jina la mji wa Uingereza ambako ulielezwa mwaka 1926, na Watanzania wanauita kideri. Ukiingia kijijini unafagia. Kienyeji ni mgumu, lakini hakuna ugumu unaoshinda kideri bila chanjo. Shikilia hilo, nitalirudia.

Sasa twende upande wa kasi.

Mwaka 1923, huko Delaware, Marekani, mama mmoja anaitwa Cecile Steele aliagiza vifaranga 50 wa kutaga mayai. Akaletewa 500. Badala ya kuwarudisha, aliwalea akawauza kwa ajili ya nyama wakiwa na uzito wa karibu kilo moja kila mmoja. Ikalipa. Majirani wakamwiga, na eneo hilo likawa mojawapo ya vitovu vya biashara ya kuku wa nyama. Kabla ya hapo, nyama ya kuku Marekani ilikuwa zaidi mabaki ya biashara ya mayai, yaani majogoo wasiohitajika na kuku wazee waliostaafu.

Halafu vita vya pili vya dunia vikaisha, na duka kubwa la A&P pamoja na Wizara ya Kilimo ya Marekani wakaandaa mashindano yaliyoitwa Kuku wa Kesho. Fainali ya kitaifa ilikuwa 1948, huko huko Delaware. Wafugaji walituma mayai, yakaanguliwa, vifaranga wakalelewa kwa hali moja, chakula kimoja, kisha baada ya wiki 12 hivi wakachinjwa na kupimwa. Kuku wa aina mbalimbali, saa moja ya kuhesabu. Charles Vantress wa California aliibuka mshindi na mchanganyiko wa Cornish na New Hampshire. Damu ya washindi wa mashindano hayo iliingia kwenye ukoo wa broila wa kisasa.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, neno "kuchelewa" lilizaliwa upya. Kabla ya hapo kuku alikuwa na mwendo wake. Baada ya hapo mwendo ukawa mashindano, na aliyeandika sheria za mashindano ni mtu wa kuuza nyama.

Unataka kuona walifika wapi? Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, kilikuwa kimehifadhi kuku wa ukoo wa 1957 na wa 1978 bila kuwabadilisha. Wakawalea pamoja na broila wa 2005, chakula kilekile, hali ileile, na matokeo yakachapishwa 2014. Siku ya 56, kuku wa 1957 alikuwa na gramu 905. Wa 1978, gramu 1,808. Wa 2005, gramu 4,202. Soma tena. Umri mmoja, chakula kimoja, na mmoja ni zaidi ya mara nne na nusu ya mwenzake. Kwa hivyo ile hadithi ya mtaani kwamba broila "hudungwa sindano ya homoni" haihitajiki hapa. Tofauti iko kwenye damu. Kizazi baada ya kizazi, mzazi aliyekua haraka ndiye aliyechaguliwa.

Kasi hiyo ina bili. Moyo na mapafu ya kuku vinatakiwa kulisha mwili unaokimbia kuviacha. Kuna ugonjwa wa maji kujaa tumboni, ambao broila huupata kwa urahisi zaidi sehemu za juu ambako hewa ni nyepesi, na Nairobi tuko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Miguu nayo inalemewa. Broila wa wiki ya tano anapenda kukaa kuliko kutembea. Watu husema ni mvivu. Hebu wewe ongeza uzito wa mwili wako maradufu kila baada ya siku chache, halafu tukuone ukipanda ngazi.

Huku kwetu mambo yaliingia kidogo kidogo. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kambi ya reli. Walowezi walikuja na kuku wao, Rhode Island Red, Leghorn na wengine, na lugha ikapata neno jipya: kuku wa gredi. Neno hilo lilifanya kazi mbaya kimyakimya. Kama huyu ni wa gredi, basi yule wa nyumbani hana gredi.

Baada ya uhuru, serikali ilijaribu kuwaunganisha. Mwaka 1976, kwa msaada wa Uholanzi, ulianza mpango wa taifa wa kuendeleza kuku, na ndani yake kulikuwa na kubadilishana majogoo. Unatoa jogoo wako wa kienyeji, unapewa wa kuboreshwa, watoto wanakuwa wakubwa zaidi. Wazo halikuwa baya. Lakini kuku wengi wa gredi wamepoteza tabia ya kuatamia, maana waliowazalisha walikuwa na mashine ya kuangulia. Ukimleta kijijini ambako mashine ni mama kuku, umeongeza nyama na kupunguza mama. Miaka minane baadaye, 1984, Kenchic ikaanzishwa, na mji uliokuwa ukikua ukapata vifaranga wa siku moja na kuku wa kukaangwa kwa wingi. Mtoto wa Nairobi wa miaka ya tisini akisema "kuku na chips," mara nyingi alikuwa anasema broila.

Halafu sisi wa mjini tukaanza kukumbuka ladha ya ushago. Tukataka kienyeji, lakini hatukutaka kungoja miezi sita. Soko halikuchelewa kusikia. Kituo cha utafiti cha Naivasha, enzi za KARI kabla haijawa KALRO, kikatoa kienyeji aliyeboreshwa. Kutoka India akaja Kuroiler, aliyetengenezwa na Kegg Farms, akapitia majaribio Uganda kabla ya kusambaa huku kote. Na kutoka Ufaransa akaja Sasso.

Huyu Sasso ndiye aliyenifanya niandike haya yote.

Ufaransa, miaka ya sitini, kuna wafugaji na walaji waliochoka na broila. Mwaka 1965 kuku wa Landes wakapata alama nyekundu ya ubora, Label Rouge. Masharti yake ni makali, na mojawapo ni kuku asichinjwe kabla ya siku 81. Wakahitaji kuku ambao kwa kuzaliwa kwao hawakimbii, na mwaka 1978 Sasso ikaanzishwa kuwazalisha. Yaani Ufaransa, Sasso anauzwa kama kuku wa polepole. Ndiyo sifa yake. Ndiyo bei yake.

Kampuni hiyohiyo, huku kwetu, kuku wake anauzwa kama kienyeji wa haraka.

Hajabadilika mwendo akivuka bahari. Kilichobadilika ni nani amesimama kando yake. Akiwa na broila anachelewa, akiwa na kuku wa shosho anawahi. Na Wafaransa walihitaji sheria, alama na wakaguzi ili warudishe kitu ambacho shosho yako hakuwahi kukiacha. Kwa hivyo ukienda sokoni, usiulize kama kuku ni kienyeji, utaapiwa bure. Uliza ana miezi mingapi na alilelewa wapi. Hayo maswali ni magumu kuyadanganya mbele ya mtu anayejua kuangalia miguu na kifua.

Sasa turudi kwa banda la binamu, maana mkopo wa chama hausomi historia.

Nilimwambia hivi. Ukiweka vifaranga hao pamoja siku ya kwanza, hutaona tofauti kubwa. Wote ni pamba na kelele. Wiki ya pili broila ameshakuwa na mabega. Anafika kwenye chombo cha chakula na hatoki. Kienyeji anasubiri, na kifaranga anayesubiri chakula anadumaa, wengine wanakanyagwa wakirundikana kwenye joto. Joto lenyewe ni ubishi. Wiki ya kwanza wote wanataka kama nyuzi 32 hadi 35, lakini baadaye yule mkubwa anahisi joto mapema na mdogo bado anatetemeka. Taa moja itamkosea mmoja wao.

Chakula pia. Broila anaanza na chakula chenye protini nyingi, kama asilimia 22, kwa sababu anajenga mwili kwa haraka. Chakula hicho ni ghali. Kumlisha nacho kienyeji miezi ni kumwaga pesa ya mama. Ukimlisha broila chakula cha kienyeji, hafiki uzito kwa wiki sita, na hapo hesabu yote ya broila imekufa.

Baada ya mwezi mambo yanageuka. Kienyeji ana wepesi, anaruka, anadonoa. Broila amekaa chini hawezi kukimbia. Ukiona damu kwenye manyoya ya broila, usiwatafute panya.

Lakini kubwa kuliko yote ni ile ya kideri niliyokwambia uishikilie. Ufugaji wa broila umejengwa juu ya kanuni moja: wote waingie pamoja, wote watoke pamoja, banda lioshwe, lipumzike, ndipo kundi jingine liingie. Ukiwa na kienyeji ndani mpaka Krismasi, banda halitapumzika hata siku moja. Kundi la pili la broila linaingia likiwa na siku moja ya maisha na kukuta wazee ambao wanaweza kubeba vimelea bila kuonyesha dalili. Ratiba za chanjo nazo hazifanani, maana mmoja anapangiwa kuishi wiki sita na mwingine anatakiwa kulindwa miezi, na chanjo yake lazima irudiwe.

Hakuna kati yao aliye na kosa. Banda moja lenye saa moja ndilo tatizo. Ukipanga kwa mwendo wa broila, kienyeji ataonekana amefeli. Ukipanga kwa kienyeji, broila ataonekana mlafi na mgonjwa.

Siwezi kujifanya sioni hili linanigusa. Wale tulioingia nao chuo wamehitimu, na kila harusi ya familia lazima mjomba mmoja aniulize "wewe unamaliza lini?" Lakini sitaki kugeuza kuku kuwa mahubiri. Kuna polepole ambayo ni uvivu, na kuna kasi ambayo ni kipaji. Ninachokataa ni mtu kupima wote kwa mizani ya 1948 halafu aseme ni maumbile.

Na kuna kitu kikubwa zaidi ya mimi na binamu. Kila jogoo wa kuboreshwa anayeachiwa kijijini bila mpango, ukoo wa kienyeji wa pale unayeyuka kidogo. Siku ugonjwa mpya ukija, au jua likizidi, wataalamu watatafuta kuku wa shingo wazi na kuku mwenye akili ya kujificha mwewe. Huyo hapatikani kwa kuagiza. Chuo Kikuu cha Egerton na KALRO wamefanya kazi ya kuwakusanya na kuwachunguza, lakini ghala kubwa kabisa bado ni boma la shosho, na shosho halipwi na mtu yeyote kwa kulitunza. Tunayemlipa ni muuzaji anayelitaja jina lake tu.

Binamu alisikiza yote hayo, akanyamaza, akapiga hesabu kwenye simu. Amegawanya banda kwa ukuta wa mabati na waya, mlango wake kila upande, viatu vyake kila upande, taa mbili, vyombo mbali. Broila amepunguza hadi 30, na wakitoka upande wao unaoshwa na kukaa mtupu wiki mbili kabla ya kundi lingine. Ameenda pia kuuliza ofisi ya kaunti kuhusu kufuga mjini, kwa sababu tangu sheria ya kilimo cha mjini ya Nairobi ya 2015 jambo hili lina utaratibu wake, si lazima ufuge ukiwaogopa kanjo. Kienyeji wake amewaagiza kwa mama mmoja wa Vihiga, wale wa ukweli, wa miezi sita.

Mamake aliuliza swali moja tu: "Na Krismasi watakuwa tayari?" Kijana akamjibu hapana mama, labda Pasaka.